Gari Jeupe

Juzi niliona gari limebaki peke yake ufukweni, vioo vimeshika chumvi, nikamkumbuka baba. Hapa Durban alikuwa akilinda magari ya watu waliokwenda na boti kuzamia na kutazama samaki. Siku moja, nikiwa mtoto, alinipeleka kazini kwake.

Boti ilirudi mapema. Wazamiaji walishuka wakinuka mpira wa nguo zao na petroli, wakaondoka bila hata kukausha nywele. Boti ikageuka tena kwenda baharini. Nilidhani wamesahau kitu.

Gari jeupe likabaki. Upepo ulianza kuuma.

“Baba, twende nyumbani.”

“Bado. Mwenye hii gari iko mu maji.”

Nikafikiri mtu huyo anapenda kuogelea kuliko wenzake. Baba alivua koti lake la kazi, akafuta chumvi kwenye kioo cha mbele, taratibu, kisha akafuta tena.

Jioni polisi walimleta mwanamke mwenye ufunguo wa akiba. Baba akasimama wima.

“Madam, nimeichunga. Hakuna mtu aliigusa.”

Mwanamke akaegemea boneti akalia. Mimi nilijivunia baba. Nilidhani analia kwa furaha, kwa kuwa gari lao halikuibiwa.