Glasi Niliyoikataa kwa Wakwe

Aibu hii naisema kwa mdomo wangu mwenyewe kabla majirani hawajawasimulia wakatia chumvi. Mjukuu wangu Vestina nimemlea hapa Keza tangu mama yake afariki, nimemsomesha kwa jembe (najivuna na siombi radhi), na alipopata mchumba Biharamulo mjini nikavaa kitenge kipya, nikapanda pikipiki, kisha basi, kwenda kuonana na wakwe.

Wakwe hao ni watu wa kusini, wamekuja huku kikazi. Mama wa mchumba akatoka jikoni na glasi ya juisi ya pasheni, imeshamiminwa hukohuko ndani, akapiga goti vizuri.

"Shikamoo Bibi, karibu juisi."

"Marahaba."

Nikaipokea, nikangoja. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni anywe, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja. Yeye akakaa, ananitazama. Ningeweza kusema sina kiu (nilikuwa nakufa kwa kiu), lakini nikaamua nimfundishe.

"Mkwe wangu, onja kwanza."

"Nionje nini, Bibi?"

"Hii, ndipo nami ninywe."

Vestina akanifinya paja. "Bibi, wenzetu hawaonji. Kunywa tu."

"Asiyeonja ana lake jambo!"

Yule mama akainuka, machozi yanamlengalenga, akaninyang'anya glasi. "Nimekuwekea sumu mimi? Mbele ya mwanangu?" Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, kwa hasira, ikampalia, akakohoa, akakohoa, akaanguka kwenye zulia akitafuta pumzi.

Nikainama nimpige mgongoni, na majirani nao wakaingia mbio kwa zile kelele, wakakuta nini? Mwenye nyumba yuko chini, na kikongwe wasiyemjua, macho mekundu kwa vumbi la safari, amemwekea mkono. (Mnajua macho mekundu ya bibi kizee yanavyosemwa upande wetu.)

"Amekunywa nini?"

"Amekunywa glasi ya huyo bibi!" akajibu mmoja wa waliokuwemo sebuleni.

"Toka hapo, mchawi wewe, usimguse!"

Nimezika mume na watoto wawili, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Mchumba wa Vestina akanishika mkono akanitoa nje, si kwa nguvu, lakini alinitoa, nikakaa uani juu ya ndoo iliyofunikwa nikisikiliza kikohozi cha mama yake. Baada ya muda kikatulia. Mwenyewe aliwaambia watu wazi kwamba ilimpalia tu, namshukuru kwa hilo, ila mtaa ulikuwa umeshasema yake, na watu walinipisha njia kana kwamba nanuka.

Wiki iliyopita Vestina alikuja nyumbani, akaongea akiangalia chini.

"Bibi, wamekubali anioe. Ila wanaomba siku ya harusi usiguse sufuria, wala usimpakulie mtu chakula."

"Na wewe umewajibuje?"

"Nimesema sawa, Bibi."

Sikumlaumu, ndoa ni yake. Mimi ninayeitwa kupika kwenye kila sherehe hapa Keza! Siku hizi nikipewa kinywaji nakunywa palepale, hata nzi akiwa anaogelea ndani, nasema asante. Na harusini nitakaa kwenye kiti watakachonionyesha, mikono mapajani, wote waione.