Mkebe wa Tumbaku ya Baba

Mama alipokuja Nairobi kutoka kwetu ziwani, alibeba mkebe wa tumbaku ya kiko ambayo baba aliichanganya mwenyewe kabla hajafa. Majani, sukari nguru, na kitu kingine ambacho hakumwambia mtu. Ilibaki ya kujaza kiko mara moja tu, na ilikuwa imekauka ikawa kama vumbi. Mama alitaka kuivuta Jumapili, siku ya kutimiza mwaka tangu tumzike.

Aliweka ganda bichi la kiazi ndani, akafunga. "Uache siku mbili. Hilo ganda litaipa unyevu polepole. Usifungue." Kisha akaenda Kawangware kwa dadangu, akaniacha na mkebe chumbani kwangu, mtaa wa Laini Saba.

Mimi siwezi kukaa na kitu kilichofungwa. Sijui ni ugonjwa gani. Nilifungua asubuhi, nikafinya kidogo kwa vidole: kavu. Nikaenda hadi relini, nikarudi, nikafungua tena. Mabati ya paa yalikuwa yanachoma, na kila nilipofungua, unyevu kidogo uliokuwa umeshika ulitoka. Nilijua hivyo, na bado nilifungua. Jumamosi jioni ganda lilikuwa limejikunja na tumbaku bado inapukutika. Nikachovya vidole kwenye ndoo ya maji, nikanyunyiza.

Nilikuwa nimesahau kwamba maji hayo nimeyatia dawa asubuhi, kama tunavyofanya huku kabla ya kuyanywa. Harufu ya sukari nguru ilizama, ikabaki klorini tupu. Niliona aibu mpaka nikatamani kulia.

Jumapili mama alirudi, akafungua, akanusa, akanitazama.

"Uliifungua mara ngapi?"

"Sijui, Mama. Nyingi."

"Hata baba yako akiwa kitandani ulikuwa hivyo hivyo. Unafungua mlango, unauliza kama amepata nafuu, unaenda. Unarudi, unafungua tena. Alikuwa anangoja tu ukae, nyathina."

Huniita nyathina, mwanangu, anapotaka nisikie. Nilikuwa tayari nimeshika mlango, nikitaka kutoka nje nipumue hata dakika moja. Mama akajaza kiko, akakiwasha. Moshi ulinuka dawa. Alikohoa, akafuta macho, akaendelea kuvuta.

Niliuachilia mlango, nikaketi kando yake mpaka kiko kikazimika.