Sungura Asiye na Nyumba

Wanaomsifu sungura kwa ujanja hawajapata kulima kunde. Huyu wetu wa bara, ng'ambo ya kisiwa chetu cha Ngumi, ni mvivu wa kupindukia. Mchana kutwa amelala nyasini, masikio kayalaza mgongoni, na jua likipungua ndipo anapokuja kula jasho la wenzake. Hachimbi shimo wala hajengi.

Nilipotoka Mombasa kuja kumsaidia shangazi palizi, nilimdharau sungura, na kusema kweli nilimdharau na shangazi, kwa jinsi alivyomjua mnyama yule kama jirani. Alinipeleka kwenye kichaka pembeni mwa shamba, penye kishimo kifupi kiasi cha bakuli, nyasi zimelala.

"Tia mkono," akasema.

Nikatia. Palikuwa na joto.

"Katoka sasa hivi. Atarudi papa hapa. Hata wanawe huwaacha wazi, wana manyoya na macho tangu siku ya kuzaliwa. Jioni huja kuwanyonyesha."

Nikaona ni porojo za mtu aliyekaa peke yake mno.

Sisi wa Ngumi hatukujenga bara kamwe. Tunavuka asubuhi na jembe, tunarudi kisiwani kulala. Babu alilima hapo, na baba yake, wala hakuna aliyepigilia hata kigingi. Tulipokimbilia Mombasa wakati wa vita shamba likawa nyasi, na shangazi aliporudi alianzia pale alipoachia.

Sasa kuna mtu Kismayu aliyelitaka, na kamati ya ardhi ikamtuma bwana mmoja aje kutazama kama lina mwenyewe. Akashuka garini na viatu vya kung'aa na miwani ya jua. Mtu mzima hajui kunde na kwekwe, naye ndiye wa kuamua.

"Mama, nyumba yenu iko wapi?" aliuliza kwa Kisomali.

"Kisiwani."

"Nauliza hapa."

"Hapa tunalima."

Akaguna, akaelekea kichakani huku akikanyaga miche. Sungura hangoji jina lake liitwe, hungoja kiatu. Alifyatuka miguuni pa yule bwana, akakata kulia, akakata kushoto, na mheshimiwa akaenda chali, karatasi huku, miwani kule. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Shangazi hakucheka. Alimwinua, akamwokotea miwani.

"Umemtoa mwenzio kwake," akamwambia, "na nyumba yake hukuiona."

Kisha akanigeukia mimi kwa Kibajuni: "Mchu huyu haoni."

Bwana akajipangusa, akaandika kwamba ardhi ni tupu na hakuna mtu. Aliyaandika hayo shangazi amesimama mbele yake, kamshikia miwani. Sijawahi kumchukia mtu kwa haraka vile.

Seng'enge ikaja kabla kunde hazijakomaa. Waya wa chini uko shubiri mbili kutoka mchangani. Sungura hupita jioni bila hata kuinama, akala, akarudi kwenye kishimo chake. Shangazi hupita asubuhi, jembe mbele, yeye nyuma kwa tumbo, bibi wa wajukuu tisa, mchanga mpaka kwenye mtandio.

Nami, hodari wa kucheka, humshikia waya.