Kikombe Alichonyimwa Anyesi

Jamani, leo nalitua hili zigo. Mimi ndiye niliyesababisha mdogo wangu Anyesi atengwe kanisani kwa ulevi.

Na Anyesi hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe.

Tunalima zabibu Makutupora. Msimu wa mavuno akaanza kuyumba shambani, kreti kichwani. Asubuhi anatapika. Akiinama, kichwa kinamgonga.

"Kaka, dunia inazunguka."

"Inazunguka, au mvinyo ndio unaizungusha?"

Huku kwetu mvinyo wa kienyeji haukosekani nyumba ya pili. Mimi mzee wa kanisa, nikaona aibu. Badala ya hospitali, nikampeleka mbele ya wazee wenzangu. Wakamtenga, asishiriki Meza ya Bwana miezi sita.

"Haya kaka. Mungu ananijua."

Mwezi wa tatu wa adhabu akaanguka, fahamu zikapotea. Tukamkimbiza mjini, wakampiga CT scan. Daktari Devota akanionyesha picha: uvimbe katikati kabisa ya ubongo, kwenye vyumba vya maji. Umeziba njia, maji yamejaa, ubongo umebanwa.

"Baba, ndiyo maana alikuwa anayumba. Hamkuona?"

Tuliona sana. Nikakosa pa kuficha uso.

Wakatoboa fuvu, wakapitisha kamera nyembamba, wakautoa. Masaa matano niko nje nasubiri.

Alizinduka akanitambua. Ila mwaka mzima umefutika. Hata kutengwa hakumbuki.

Akanishika mkono. "Kaka, asante, hukuniacha. Jumapili nipeleke nikashiriki."

Shetani ananiambia nyamaza, hajui huyu. Nikashindwa kunyamaza.

"Anyesi, ulitengwa. Walisema mlevi."

"Mimi? Nani kanisingizia?"

"Mimi."

Akauachia mkono wangu, akageukia ukutani.

Nililia mpaka basi. Lakini angalau nimeungama, nikajisemea, yameisha.

Asubuhi naingia wodini, anatabasamu.

"Kaka, asante, hukuniacha. Jumapili nipeleke nikashiriki."

Weee! Daktari anasema mapya hayakai kichwani bado, huenda yakakaa taratibu. Wazee wameshamfutia adhabu. Ningeweza kunyamaza, lakini shukrani ile siiwezi. Nimeungama mara kumi na moja sasa, na kila mara anaumia kama mara ya kwanza.

Ndugu yangu unayesoma, mwenzio akiyumba, mshike kwanza. Kumnusa mdomo kutafuata.

Mimi naenda wodini. Atanishukuru tena.