Mfuga Nyuki wa Satellite na Miti Sita

Jumanne iliyopita mama mmoja anayeuza ndizi sokoni Kangemi alisimama kwenye kitalu changu cha miche, hapa kando ya barabara Karen, akaniambia bila kuketi, "Mzee, yule wa asali ametuacha." Nilikuwa nimeshika mche wa parachichi. Niliendelea kuushika.

Marehemu alitoka Ukambani, akakodi kiploti mtaani Satellite, hapa hapa Nairobi, na kutundika mizinga minane ya wale nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao watu hununua kwa ajili ya kifua. Hakuwa rafiki yangu. Alikuwa mteja, na mimi wateja sifanyi nao urafiki. Niliacha shule darasa la tatu, nikang'oa magugu kwenye bustani za matajiri mpaka nikaijua miti kuliko waliosomea. Kwa hiyo aliponiuliza awapandie nyuki wake nini, nilimjibu kama mtu asiyeulizwa mara mbili: kibobakasi, ule mti wa maua mekundu kama moto unaouona kote Nairobi. "Ua kubwa namna hii," nikamwambia, "nyuki wako watanenepa." Akabeba miche sita.

Ilipochanua, baada ya miaka minne hivi, mizinga ilianza kunyamaza. Kwanza alimlaumu jirani anayepulizia sukuma wiki dawa, wakakosana. Kisha asubuhi moja akaja kitaluni na ua mkononi, akalipasua mbele ya wateja wangu. Ndani mlikuwa na nyuki watano, wamelowa, wamekufa.

"Mzee, hawa wamefanya nini?"

"Wamelewa," nikasema. "Peleka nyumbani walale."

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. "Ni chavua ya hii mti inawaua. Nimefungua maua siku tatu. Na mimi sikununua mti peke yake, mzee, nilinunua na neno lako."

"Neno langu halina risiti," nikamwambia, wakacheka tena.

Akaikata miti yote sita. Mizinga iliyobaki na uhai ilikuwa miwili.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa katikati ya jiji kufuatilia hati ya shamba, na nje ya ofisi kibobakasi kilikuwa kimemwaga maua njiani. Nikainama na mgongo wangu huu, nikaanza kuyapasua. Askari wa mlangoni akaniita babu kwa Kikuyu: "Guka, umeangusha nini?" Nikamwambia aangalie mlango wake. Ua la kwanza halikuwa na kitu. La tatu lilikuwa na nyuki, wamekufa. La nne pia.

Tangu siku hiyo niliacha kumuuzia mfuga nyuki yeyote mti ule. Si mti mbaya. Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu, hunywa humo akaruka zake, na kivuli chake ni kizuri. Lakini sisi tuliojifunza kazi kwa macho tuna ugonjwa wetu. Tukishafika mbali, tunasahau kwamba macho hayo yalitazama upande mmoja tu. Mimi nilijua udongo, maji, na wadudu wanaokula majani. Nimeuza maua karibu umri wangu wote wa kazi, na sikuwahi kufungua hata moja nione aliyeingia alitokaje. Jiji lenyewe limekuwa hivyo: kila mwenye nyumba anataka kinachopendeza akiwa dirishani, na ya mdudu atayajua mdudu.

Satellite si mbali na hapa. Kila wiki nilisema nitaenda nimwambie.

Jumamosi nikaenda, kwenye matanga. Nikasimama mbele ya watu wa kanisa lake na yule jirani wa sukuma wiki, nikasema kwamba miti iliyoua nyuki wa huyu mtu ilitoka kwangu, kwamba aliniambia nikamcheka, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa sawa.

Mjane wake akanigeukia. "Alijua unajua," akasema. "Wafugaji wenzake walikuja kwako kutafuta hiyo miti, ukawafukuza. Wakamwambia. Akasema, huyo mzee ameshakubali, imebaki tu miguu. Kila Jumapili alikuwa anasema, labda leo."

Nilidhani kurekebisha kosa kimyakimya kunatosha. Kunamtosha aliyekosa. Aliyekosewa anabaki akitazama mlango. Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu umepanga kumwendea wiki ijayo, vaa viatu sasa.