Moto Niliouwasha Siku ya Nne

Nakumbuka vizuri waliokuwepo siku ile jikoni kwetu Nyaishozi, na nitawataja mmoja mmoja. Alikuwepo mama mkwe wangu, Ma Kokushubira, aliyemzaa mume wangu Eliasi. Eliasi mwenyewe alikuwepo. Alikuwepo wifi yangu Adventina, ndiye aliyekuwa anaposwa. Upande wa wakwe alikuwepo Mzee Bashaija wa Mabira, baba wa kijana aliyeposa, na dada wa huyo mzee, Ma Paskazia, mwanamke wa kucheka sana. Na mimi, bibi harusi wa miezi mitano. Ambaye hakuwepo ni fundi Athumani, na huyo asiyekuwepo ndiye niliyemkosea.

Mwanangu, Athumani alikuwa mwashi pale senta. Babu yake alitoka visiwani huko pwani, akaja huku na biashara ya nguo, akaoa, akabaki. Athumani alizaliwa hapa hapa, na Kinyambo chake, lugha yetu ya huku, kilikuwa kizuri kuliko changu. Eliasi alimwita atujengee jiko la matofali lenye dohani, kwa sababu moshi wa mafiga ulikuwa umeyaharibu macho ya mama mkwe wangu. Kila asubuhi yalikuwa yanachuruzika tu. Karibu na moto Athumani hakutia saruji. Alichukua udongo wa kichuguu, akauchekecha, akauchanganya na majivu, akasema huo ndio unaovumilia joto.

Alipomaliza aliniita mimi, maana mpishi ni mimi.

"Bibi harusi, siku saba usiwashe kitu humu. Siku ya nane washa majani makavu ya mgomba, kidogo tu, yazime yenyewe. Udongo bado una maji. Ukiukimbiza, yale maji yatatafuta pa kutokea, na yatapasua."

"Nimesikia, baba."

Na kweli nilisikia. Siwezi kujitetea kwamba sikusikia.

Wakwe walikuja siku ya nne. Mama mkwe wangu alikuwa ameniambia nipikie kwenye mafiga ya zamani, nyuma ya nyumba. Lakini mimi nilitaka wakwe waingie wakute masufuria yanachemka na jikoni hakuna moshi, waseme, ehe, huyu bibi harusi ana jiko. Ujana, mwanangu. Nikasokomeza gogo la mkaratusi, nene kama paja langu, nikawasha, nikabandika ndizi na maharage. Kwa muda moshi ulipanda juu vizuri, nami nikatembea kwa maringo.

Wageni walikuwa ndiyo kwanza wameketi niliposikia "ta!", halafu "ta!" nyingine. Dohani ilipasuka usawa wa goti, moshi wote ukaturudia. Ma Paskazia alitoka nje anakohoa, kitenge mdomoni, huku anacheka: "Yesu wangu, tumekuja kuposa au kukaushwa kama samaki?"

Mzee Bashaija yeye hakutoka. Aliinama akautazama ule ufa. Sikujua wakati huo, nilikuja kuambiwa baadaye, kwamba kule Mabira alikuwa amekabidhiwa kusimamia nyumba tatu za walimu, na alikuwa amesikia habari za Athumani, akataka kuona kazi yake kabla ya kumwita.

"Nani amejenga hii?"

Hapo, mwanangu, ningesema neno moja tu, yakaisha. Nikasema, "Ni fundi Athumani. Ametuharibia. Nilimwambia aweke saruji, akakataa."

Mzee Bashaija akatikisa kichwa. "Watu wa visiwani kwao joto mwaka mzima. Dohani wataijulia wapi?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Akasema, "Basi walimu wangu nitawatafutia fundi mwingine."

Siku ya gulio maneno yalikuwa yamefika senta. Kesho yake Athumani akaja mwenyewe, bila ugomvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Alipiga magoti, akaingiza vidole kwenye ufa, akatoa kidonge cha udongo, akakibonyeza. Kilikuwa kibichi bado. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Pole, bibi harusi. Moshi haujakuumiza macho?"

Angenitukana ningepata nafuu. Akatoka nje kupima upya, nikabaki na mama mkwe wangu.

"Nilikuona ukibeba lile gogo," akasema Ma Kokushubira. Hakupandisha sauti. "Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mke wa mwanangu, sikutaka uaibike mbele ya wageni. Sasa wageni wameondoka. Na huyu fundi naye ana mama wa kumsitiri?"

Nililia. Aliniacha nilie, kisha akanifuta uso kwa khanga yake mwenyewe, akanionyesha mlango aliotokea fundi.

Nikamfuata Athumani nikamwambia yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikuwa najua tayari," akasema. "Kamwambie asiyejua."

Eliasi alinipakia kwenye baiskeli mpaka Mabira. Nikapiga magoti mbele ya Mzee Bashaija, nikasema gogo ni langu, uongo ni wangu, na habari ya saruji niliitunga.

"Waitu, pole binti, umechelewa," akasema. "Fundi mwingine ameshaanza msingi. Nimfukuze mtu ambaye hakukosa, kwa sababu yako?"

Niliporudi, Athumani alikuwa ameshabomoa pale palipopasuka. Nilimwambia nyumba za walimu zimekwenda kwa mwingine. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia nimkandie udongo. Rundo la udongo lilikuwa kando ya njia, nikakunja gauni nikaukanyaga kwa miguu. Kila aliyepita aliuliza, "Kulikoni, jiko jipya limekufa?" Nami nikajibu kila mmoja: "Nililiua mimi. Fundi alinikataza kuwasha." Wengine walicheka, wengine walisema pole. Nilijibu mpaka sauti ikakauka.

Athumani alipata kazi nyingine baadaye, lakini zile nyumba tatu hakuzijenga. Nikipita Mabira hata leo ninazitazama.

Mwanangu, najua siku hizi fundi akikosea, au ukidhani amekosea, unapiga picha unairusha kwenye kundi la familia, na kabla ya jioni jina lake limefika mpaka Songambele. Kwanza jiulize wewe ulifanya nini. Mkono wa fundi ndio anaokula nao, na jina lake ndilo linaloutafutia mkono kazi. Ukisema uongo juu ya mtu, kuomba msamaha chumbani hakutoshi. Rudi kwa wale wale waliokusikia, useme kwa sauti ile ile. Na urudi mapema, maana mimi nilirudi siku tano tu baadaye, na siku tano zilikuwa nyingi.

Mungu akupe nyumba yenye moto mwema, akupe watu wa kukukanya kwa upole, na akupe moyo mwepesi wa kusema "ni mimi" kabla mwenzako hajaumia.

Na kama yupo wa Mabira au Nyaishozi anayekumbuka tofauti, kama si Ma Paskazia aliyecheka bali ni mwingine, au siku zilikuwa sita, naomba anisahihishe. Mimi ni mzee, na sitaki kumsingizia mtu mara ya pili.