Mashine, Shangazi na Vyungu Saba

Shangazi yangu wa Ikombe alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali ya Matema, na wagonjwa wa upasuaji waliandikishwa Jumamosi moja tu, mwisho saa nne asubuhi. Ikombe haina barabara. Kuna njia ya mawe juu ya ziwa, ambayo hata mwenye macho mazuri huipita huku akimwomba Mungu, na kuna maji.

Alfajiri ile akina mama walikuwa wanapakia vyungu kwenye mitumbwi kwenda navyo sokoni Matema, na jirani alikwisha kumwekea shangazi nafasi. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilisema mtumbwi utamchosha, na mimi nina boti yenye mashine; tutakunywa chai kwanza, kisha tutawapita njiani. Mashine hiyo niliinunua mjini Kyela kwa mwenye duka mmoja aliyeniapia kwamba imetumika kwa heshima. Umri wake sikuuliza, maana na mimi siku hizi sipendi kuulizwa.

Saa mbili nilishuka ufukweni nikamkuta shangazi ameshakaa ndani ya boti, katikati ya vyungu saba vilivyofungwa kwa nyasi kavu.

"Shangazi, tunakwenda hospitali, si sokoni."

"Kwa hiyo boti iende tupu? Sita watauza wenzangu. Hiki kidogo ni cha daktari."

"Daktari mwenyewe humjui."

"Maji anakunywa, hanywi?"

Nikavuta kamba mara mbili, mashine ikawaka. Nilimpungia mkono jirani mwingine aliyekuwa anaanika dagaa, kama rais anayeondoka nchini. Tulipofika kwenye jabali la kwanza, mashine ikakohoa, ikashusha sauti, ikazimika.

Nilivuta kamba mpaka bega likaniuma. Kafi lilikuwa moja, na boti ile pana kwa kafi moja ingefika Matema madaktari wakiwa wanakula chakula cha mchana. Nikaturudisha ufukweni.

"Mmeshapona?" jirani aliuliza, mikono imejaa dagaa.

"Mashine inapumzika," nikasema.

"Basi ipe chai. Si ndiyo mliyoisubiri?"

Mimi nina shahada mbili, na hakuna hata moja inayohusu mashine. Lakini mtu aliyesoma haachi kuwa na utaratibu. Kwanza mafuta: nikafungua kifuniko cha tenki nikachungulia. Kitu kikavuta pumzi ndefu, fyuuu. Nilidhani ni mimi. Petroli ilikuwepo tele, nikakaza kifuniko. Pili moto: nikatoa plagi, nikazisugua kwa mswaki wangu wa safari, nikazirudisha. Nikavuta kamba. Ikawaka mara moja!

"Ilikuwa plagi," nikamtangazia shangazi, na nikaendelea kumweleza kazi ya plagi kwa urefu ambao wanafunzi wangu wanaujua. Nilikuwa bado sijamaliza tulipofika kwenye jabali lilelile. Ikakohoa, ikashusha sauti, ikazimika.

Saa tatu kasoro dakika kumi. Ziwa lilikuwa shwari, milima imejaa ukungu, na mbele yetu hapakuonekana hata mtumbwi mmoja. Wote walikwisha kupita.

"Baba," shangazi alisema taratibu. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Tukikosa leo, wale madaktari watarudi lini?"

"Sijui, shangazi."

"Basi. Si kitu." Akavuta kanga begani. "Hata hivi nafinyanga. Mikono inajua njia."

Afadhali angenitukana. Nilikuwa nimemtoa kwenye mtumbwi wa watu kwa ajili ya majivuno na kikombe cha chai.

Nikakaa sakafuni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikatazama badala ya kueleza. Kwenye bomba la mafuta kuna bonge la mpira ambalo mtu hulibinya ili petroli iende kwenye mashine. Lilikuwa limebonyea lenyewe, bapa kama andazi lililokaliwa. Na tenki la plastiki lilikuwa limeingia mbavu ndani, kama tumbo la mtu aliyefunga siku tatu. Mashine ilikuwa inanyonya, na tenki halina la kutoa, kwa kuwa halipati hewa ya kuingia mahali pa petroli. Ile fyuuu! Nilipofungua kifuniko ndipo lilipopumua, nami nikazipa plagi sifa zote.

Kifuniko kina tundu dogo la hewa. Nikalitafuta kwa kidole. Mahali pa tundu palikuwa pameziba kwa kitu kigumu, kilichosuguliwa mpaka kinateleza.

"Shangazi, huu ni udongo?"

"Eee. Niliziba nao jana, ukakauka vizuri. Mafuta yako yanatoa harufu pale kwenye kitundu. Chungu kinakunywa harufu, baba. Mtu akinunua, maji yake yananuka gari. Atasema vyungu vya Ikombe vibaya." Kisha, kwa fahari kidogo: "Kwani umevuja?"

Haukuvuja hata chembe. Macho hayaoni, na bado alikuwa ameziba tundu la ukubwa wa punje ya mtama kwa ustadi ambao kiwandani wangeuonea wivu. Niliubandua kwa ncha ya ufunguo. Tenki likashusha pumzi, mbavu zake zikarudi, nami nikashusha yangu. Vyungu tukavihamishia mbele, mbali na harufu. Kile cha daktari akakipakata, mdomo wake ameufunika kwa kanga. Nikabinya mpira ukajaa. Mvuto mmoja.

Tulipita jabali la kwanza. Tukapita la pili. Nilikuwa nasikiliza mashine ile kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Tulifika Matema saa nne kasoro dakika tano, na shangazi, akiwa ameshika mkono wangu, ndiye aliyekuwa ananikokota mimi mchangani. Aliandikwa wa mwisho. Mwandishi alifunga daftari mbele ya macho yetu.

Alfajiri ya pili walimfungua bandeji ya jicho la kwanza. Aliniangalia kidogo tu, hakuona cha kusifu. Akaangalia mezani, ambako muuguzi alikuwa amekiweka kile chungu kidogo.

"Hicho ndicho nilichomletea?"

"Ndicho."

"Mbona mdomo umekwenda upande? Yesu wangu! Baba, nenda kakichukue kabla daktari hajakiona. Nitamletea kingine."

Nikaenda. Muuguzi alikipakata asinipe. Kilikwisha kujazwa maji, na daktari alikwisha kunywa.

"Anasemaje?" shangazi aliuliza niliporudi mikono mitupu.

"Anasema maji yana ladha ya udongo."

"Tu?"

"Tu."

"Ndaga," akashukuru kwa lugha ya kwetu, akafumba lile jicho jipya, akalala.